Algoriti hukufikisha hadi kwa jirani

Watu wanaobishana kama algoriti, yaani hesabu ya mashine inayokuchagulia vya kukuonyesha, husaidia kugundua gemu, muziki na filamu mpya mara nyingi hawazungumzii jambo moja. Kuna kitu ambacho ungekutana nacho tu, iwe leo au wiki ijayo, kwa sababu kila mtu anakitaja. Kuna kitu kilicho karibu sana na unachokipenda tayari, ila hukuwahi kukisikia. Na kuna kitu kilicho mbali na mazoea yako, ambacho hukujua kama kingekugusa. Kwa la kwanza, algoriti hupewa sifa isiyoistahili. Kwa la pili ni hodari, na anayelikataa hilo hajaitumia vizuri. Kwa la tatu ni dhaifu, na udhaifu huo hautokani na uzembe wa walioijenga; umo ndani ya hesabu yenyewe. Sisi tunaotafuta vitu vya kucheza, kusikiliza na kutazama kila siku tumejifunza kuiachia kazi ya pili na kuifanya ya tatu kwa njia nyingine.

Hesabu ni ya kuelewa kwanza, maana bila hiyo ushauri wote hubaki kuwa imani. Msingi wa mifumo mingi ni kulinganisha watu kwa walichokitumia. Watafiti wa GroupLens waliieleza njia hiyo mwaka 1994 kwa makala za Usenet, mtandao wa zamani wa mijadala: walichukua alama walizotoa wasomaji, wakakisia makala ambazo msomaji mwingine mwenye mwelekeo kama wao angezipenda. Amazon waligeuza upande. Badala ya kutafuta watu wanaofanana, walitafuta bidhaa zinazonunuliwa na watu walewale, na wahandisi wao wakaieleza njia hiyo kwenye chapisho la mwaka 2003. Faida yake ni kwamba uhusiano wa bidhaa na bidhaa unaweza kukokotolewa mapema na kuhifadhiwa, hivyo mteja akibofya kitu, jibu lake liko tayari.

Chukua wachezaji 1,000. Kati yao 100 wamecheza gemu A, ambayo wewe umeipenda. Katika hao 100, 80 wamecheza pia gemu C na 30 wamecheza gemu B. Mfumo unaohesabu vichwa tu utakupa C. Lakini C imechezwa na 800 kati ya wote 1,000, yaani asilimia 80 ya watu wote na asilimia 80 ileile ya wapenzi wa A. Kuipenda A hakusemi lolote kuhusu C. Gemu B imechezwa na 50 tu kati ya 1,000, sawa na asilimia 5, ilhali kwa wapenzi wa A ni asilimia 30, mara sita ya kawaida. Pendekezo lenye maana ni B. Ukurasa wako ukijaa vitu ambavyo kila mtu anavyo, ujue ama mfumo unahesabu vichwa, ama umekosa habari za kutosha kukuhusu ukaangukia kwenye umaarufu.

Sasa ongeza gemu D, iliyochezwa na watu 2 tu, na wote wawili wamecheza A. Kwa hesabu ileile inapata mara kumi na kuishinda B. Ila watu 2 wanaweza kukutana kwa bahati. Kwa hiyo mfumo makini huweka kizingiti: kitu kisichofikisha idadi fulani ya watumiaji hakishindanishwi, au alama yake huvutwa kuelekea wastani wa wote mpaka ushahidi uongezeke. Kihesabu kizingiti hicho ni cha haki. Na ni hapohapo vitu vipya hukwama, kwa sababu ili kionekane kinahitaji watumiaji, na ili kipate watumiaji kinahitaji kuonekana. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, gemu haipati muhtasari wa maoni ya wachezaji kabla maoni hayajafika 10. Ndiyo maana maoni ya mtu wa tano au wa tisa kwenye gemu ndogo yana uzito ambao maoni ya mtu wa elfu hamsini kwenye gemu kubwa hayatakuwa nao kamwe. Ukipenda kitu kidogo, andika mistari miwili. Hiyo ndiyo habari ambayo mfumo hauna.

Njia ya kukwepa kizingiti ni kukitazama kitu chenyewe badala ya watumiaji wake: lebo zake, maelezo yake, mlio wake. Pandora, huduma ya muziki mtandaoni, ilijengwa juu ya Music Genome Project, mradi ulioanza mwaka 2000, ambamo wataalamu wa muziki husikiliza wimbo mmoja mmoja na kuupa alama kwa mamia ya sifa, kama aina ya sauti ya mwimbaji, mwendo na mpangilio wa ala. Kwa njia hiyo wimbo usio na msikilizaji hata mmoja unaweza kupendekezwa siku ya kwanza. Gharama yake ni kwamba utapata kinachofanana kwa sifa zilizoandikwa, na sifa iliyokugusa huenda haikuandikwa. Mtu anayependa gemu ya kilimo kwa sababu ya ukimya wake atapewa gemu nyingine za kilimo, zenye kelele na vipima muda, wakati alichokihitaji kilikuwa labda gemu ya kupanga vitabu au ya kuvua samaki. Lebo mbaya huleta hasara zaidi. Wimbo uliowekewa lugha isiyo yake, au gemu ya masimulizi iliyobandikwa lebo ya mapigano ili ionekane na wengi, hupelekwa kwa watu wasiofaa. Wanaiacha mapema, na kuacha huko husomwa na mfumo kama dalili ya kitu kibaya. Lugha zenye wasikilizaji wachache huumizwa na hili mara mbili, kwa sababu ishara ni chache na hakuna wa kutosha kulisahihisha kosa.

Baada ya hesabu kuna lengo, na hapa ndipo mimi huona ubishi mwingi unapotea njia. Mfumo hauulizwi "mtu huyu agundue nini?" Unaulizwa swali linalopimika. YouTube mwaka 2012 waliacha kutanguliza idadi ya watazamaji wakatanguliza muda wa kutazama. Chapisho la wahandisi wao la mwaka 2016 lilieleza kazi hiyo kwa hatua mbili: mtandao mmoja wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, huchuja mamilioni ya video hadi kubaki mamia, mwingine huzipanga hizo mamia kwa kukisia muda utakaotazama. Kitu kisichopita mchujo wa kwanza hakina nafasi hata kama kingekufaa kuliko vyote, kwa sababu hatua ya pili haikioni kabisa.

Upande wa filamu, Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt wa Netflix waliandika mwaka 2015 kwamba mtazamaji hupoteza hamu baada ya sekunde 60 hadi 90 za kuchagua, akiwa amepitia majina 10 hadi 20. Fikiria maana yake kwa anayepanga ukurasa. Nafasi ni kumi au ishirini, muda ni dakika moja na nusu, na mtu akiondoka umempoteza kwa jioni hiyo. Kila nafasi atakayopewa kitu kigeni ni nafasi iliyoondolewa kwa kitu cha uhakika. Kwa hiyo safu za juu hujaa uhakika: unachoendelea nacho, kilicho maarufu, kilichofanana na cha jana. Vitu vigeni hushushwa safu za chini au huwekwa mwishoni mwa safu, kulia kabisa, ambako wengi hawafiki. Anayetaka kugundua aanze kusoma ukurasa kutoka chini. Si hila, ni matokeo ya jinsi unavyopangwa.

Netflix hao hao ndio waliotangaza mwaka 2006 zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 ukisiaji wa nyota ambazo watazamaji wangezipa filamu. Timu ya BellKor's Pragmatic Chaos ikaichukua mwaka 2009, lakini mchanganyiko mzima wa mbinu zake haukuwahi kuwekwa kazini. Uhandisi wake ulikuwa mzito kuliko faida, na kampuni yenyewe ilikuwa imehamia kwenye kutiririsha filamu mtandaoni, ambako alichokitazama mtu kilisema zaidi ya nyota alizotoa. Nyota zenyewe ziliondolewa mwaka 2017 zikawekwa alama za dole gumba. Watu huzipa nyota tano filamu wanazoziheshimu na kutazama nyingine usiku, na mfumo umeamua kuuamini usiku. Uamuzi huo una sababu zake, ila ukishajua umefanyika utaelewa kwa nini mapendekezo yako yanafanana zaidi na wewe uliyechoka kuliko mtu unayetaka kuwa.

Halafu kuna mzunguko wa mfumo kujilisha matokeo yake wenyewe. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006 jaribio lenye washiriki 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya washiriki hawakuona wengine wamepakua nini. Wengine waligawanywa katika makundi yaliyojitenga, kila kundi likiona idadi ya upakuaji ndani ya kundi lake tu. Palipoonekana idadi, nyimbo zilizovuma zilivuma zaidi na zilizosahaulika zikasahaulika zaidi, na wimbo uliovuma kundi hili haukuwa lazima ndio uliovuma kundi lile. Nyimbo bora zilikuwa nadra kufanya vibaya kabisa, na mbaya nadra kufanya vizuri. Zilizo katikati ziliweza kuishia popote. Vitu vingi vinavyotengenezwa viko katikati hapo. Tangu kuusoma utafiti huo, ushauri wangu kwa anayevinjari ni kuficha namba kila jukwaa linaporuhusu, na lisiporuhusu, kusikiliza kwanza kisha kutazama namba.

Kuhusu muziki kuna ushahidi wa moja kwa moja zaidi. Mwaka 2020 Ashton Anderson na watafiti wenzake, wakiwemo wa Spotify, walionyesha kwamba usikilizaji unaoongozwa na algoriti unaambatana na upana mdogo wa ladha kuliko ule wa kujitafutia, na kwamba watu ambao ladha yao ilipanuka kadiri muda ulivyokwenda walifanya hivyo wakipunguza kuegemea algoriti. Huo ni uhusiano, hauthibitishi kwamba algoriti ndiyo iliyowabana. Lakini katika utafiti huohuo wasikilizaji wenye upana mkubwa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kwenye huduma na kuilipia. Kwa hiyo hata kampuni ina maslahi ya kukupanua. Tatizo ni kwamba faida hiyo huonekana baada ya miezi, na ukurasa hupimwa kwa kubofya kwa leo.

Gemu zinahitaji kuzungumziwa peke yake, kwa sababu gharama ya kujaribu ni nyingine kabisa. Wimbo ukikosea umepoteza dakika tatu. Filamu ni saa mbili. Gemu inaweza kuwa saa 20 au 100, pamoja na fedha. Kwa hiyo ishara za gemu ni chache na ni nzito, na iliyo rahisi kupimwa, yaani saa za kucheza, ina upotofu mkubwa. Gemu ya mtandaoni isiyo na mwisho hukusanya mamia ya saa hata kwa mtu anayeilalamikia. Gemu ya masimulizi inayoisha kwa saa tatu, ambayo huenda ndiyo iliyokuliza mwaka mzima huu, huonekana kama kitu ulichokionja ukakiacha. Mfumo ukisoma saa peke yake, utakusukuma kuelekea gemu ndefu. Gemu iliyoachwa wazi usiku kucha nayo huhesabiwa. Dawa ni kuusaidia mfumo kwa ishara za wazi: toa maoni yenye dole juu kwa gemu fupi ulizozipenda, ifuate studio yake, na uweke kwenye orodha ya unavyovitaka vitu vya jamii hiyo.

Steam walipotoa kipendekezaji chao cha majaribio mwaka 2019, walieleza kwamba kinajifunza kutokana na mienendo ya wachezaji, na kwamba habari pekee ya gemu inayoingizwa waziwazi ni tarehe ya kutolewa. Lebo na maoni havikuingizwa. Walikiri pia kwamba hakiwezi kupendekeza gemu mpya kabisa isiyo na wachezaji. Kina vitelezi viwili vinavyofaa kuchezewa, kimoja cha umaarufu na kingine cha umri wa gemu. Ukikisukuma cha umaarufu hadi mwisho wa upande wa zisizojulikana, utapata orodha yenye makosa mengi, kwa sababu ile ya mfano wetu wa gemu D. Kiweke kama robo tatu ya njia. Cha umri kisogeze kuelekea gemu za zamani mara moja moja. Gemu za miaka mitano au kumi iliyopita zimeshakusanya wachezaji wa kutosha kwa hesabu kuwa imara, bei yake huwa imeshuka, na hakuna anayezitangaza tena. Kwa maoni yangu hapo ndipo algoriti inapofanya kazi yake nzuri kuliko zote: kufukua vilivyosahauliwa. Hakuna mhariri mwenye muda wa kazi hiyo. Steam ilipokea gemu zaidi ya 18,000 mwaka 2024 peke yake. Tangu Juni 2017 mlango uko wazi kwa yeyote anayelipa ada ya dola 100 kwa gemu na kukidhi masharti. Bila uchujaji wa mashine, rundo hilo lisingepitika.

Kabla ya kulaumu mapendekezo, kagua akaunti. Chanzo cha kwanza cha mapendekezo mabovu ni watu wawili au zaidi kutumia wasifu mmoja. Mfumo hupata wastani wa ladha zao, na wastani wa mtoto wa miaka sita na mtu mzima haumfai hata mmoja. Tengeneza wasifu kwa kila mtu, na mwingine wa vitu mnavyotazama pamoja. Chanzo cha pili ni sauti za usingizi, mvua iliyorekodiwa na muziki wa kufanyia kazi, ambavyo hupigwa saa nyingi bila kusikilizwa. Spotify ina kipindi cha faragha, na tangu 2023 unaweza kuiondoa orodha fulani ya nyimbo kwenye wasifu wa ladha yako. Fanya hivyo kwa kila orodha ya kulalia. Chanzo cha tatu ni kujiendesha kwenyewe, pale video moja ikiisha nyingine huanza. Zima. Kilichochezwa ukiwa umelala kimeandikwa kwa jina lako.

Vitufe vya kukataa vina nguvu tofauti, na ni vizuri kujua kiasi. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipima vile vya YouTube mwaka 2022 kwa msaada wa watu zaidi ya 20,000 waliojitolea. Kuzuia chaneli isipendekezwe kulipunguza mapendekezo mabaya kwa asilimia 43, na kuiondoa video kwenye historia kwa asilimia 29. Dole gumba la chini lilipunguza kwa asilimia 12, na kitufe cha kusema hupendezwi kwa asilimia 11 tu. Kwa hiyo usipoteze muda na hivyo viwili vya mwisho. Ingia kwenye historia, ufute kilichokupotosha, kisha zuia chaneli. Historia yenyewe inaweza kuwekwa ijifute kila baada ya miezi 3, 18 au 36. Miezi 3 humfaa anayebadilika haraka, ila itasahau pia ulichokipenda kweli, kwa hiyo hifadhi vitu hivyo kwenye orodha yako kwanza. Ukizima historia kabisa, tangu 2023 ukurasa wa mwanzo wa YouTube unaweza kuwa mtupu. Wengine huona ni hasara. Kwa mtu anayejua anachokifuata ni nafuu, kwa sababu anabaki na chaneli alizojiunga nazo na sehemu ya kutafuta. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali inayalazimisha majukwaa makubwa sana kutoa angalau mpangilio mmoja usiotegemea wasifu wa mtumiaji. Kama uko huko, utafute kwenye mipangilio na uulinganishe na ule wa kawaida kwa siku kadhaa.

Jingine la kulijua kuhusu Spotify: tangu 2020 ina mpango ambamo msanii au kampuni yake ya kurekodi hukubali malipo madogo zaidi kwa usikilizaji unaotokana na baadhi ya njia za mapendekezo, na wimbo wake hupewa uzito zaidi kwenye njia hizo. Wimbo kama huo si lazima uwe mbaya. Ila nafasi ambayo wimbo huo umeipata haikutokana na ladha yako peke yake, na msikilizaji anastahili kulijua hilo anapoona wimbo fulani unamrudia rudia.

Kutafuta kwenyewe kuna utaratibu uliothibitika kwa wengi wetu. Usianzie ukurasa wa mwanzo. Fungua ukurasa wa kitu kimoja ulichokipenda sana, na kabla ya kushuka chini andika mambo matatu yaliyokushika, kwa maneno yako, si kwa lebo za duka. "Haiharakishi" ni jambo. "Maamuzi hayafutiki" ni jambo. "Nzuri" si jambo. Kisha nenda sehemu ya vinavyofanana. Hapo unapata uhusiano wa kitu na kitu, usiochanganywa sana na yote uliyoyafanya mwezi uliopita. Ruka kila jina unalolijua. Fungua moja usilolijua, soma, rudia kwenye ukurasa wake. Hatua mbili au tatu zinatosha. Ukiendelea zaidi utajikuta umerudi kwenye vitu vikubwa, kwa kuwa vitu vikubwa vimeunganishwa na kila kitu.

Ukifika hapo, acha mashine, fuata watu waliotengeneza. Hii ndiyo njia bora ya kwenda mbali, na majukwaa mengi hayaitilii mkazo. Filamu uliyoipenda kwa mwanga wake ina mpigapicha mkuu, na huyo amepiga filamu nyingine za aina nyingine kabisa. Gemu ina mtunzi wa muziki, mwandishi na mbunifu wa kanuni, majina yao yako mwishoni mwake. Albamu ina mtayarishaji na kampuni ya kurekodi. Ukimfuata mtayarishaji mmoja, unaweza kutoka kwenye muziki wa dansi ukaingia kwenye wa kwaya bila kuipoteza ile sifa iliyokuvuta. Mfumo wa kulinganisha watumiaji ni nadra kuvuka mpaka huo, maana wasikilizaji wa pande hizo mbili hawakutani, na kwake kutokutana ni umbali.

Kwa lebo za duka, changanya. Lebo moja hurudisha maelfu na kukuachia kupanga kwa umaarufu. Lebo tatu ambazo hazizoeleki pamoja, tuseme fumbo, masimulizi na bustani, hurudisha orodha unayoweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Ondoa lebo zinazokuchosha kwenye mipangilio ya duka badala ya kuzikwepa kwa macho kila siku. Na gemu uliyoimaliza kwenye kifaa kingine, usiipuuze hivihivi: Steam ina chaguo la kusema umeicheza kwenye jukwaa jingine, ambalo ni tofauti na kusema huitaki. Ukichanganya hayo mawili unaufundisha mfumo kwamba hupendi ulichokipenda.

Maoni ya wachezaji ninayasoma kuanzia mabaya, ya watu wenye saa nyingi, kwa kuwa Steam huonyesha saa za mwandishi. Mtu aliyecheza saa 20 kisha akalalamika kwamba hakuna kinachotokea kwa haraka amekupa maelezo sahihi ya gemu. Kama uliandika "haiharakishi" kwenye mambo yako matatu, lalamiko lake ndilo pendekezo lako. Maoni mazuri yanasema mtu amefurahi, na furaha za watu zinafanana mno kusaidia kuchagua.

Kabla ya kununua gemu, tafuta demo, yaani kipande cha kujaribu bure. Steam Next Fest, ambayo kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa mwaka, hukusanya demo nyingi sana za gemu zisizotoka bado, na humo umaarufu haujakomaa sana. Pitia siku ya kwanza au ya pili, kabla ya orodha ya zilizochezwa zaidi kuanza kujilisha yenyewe. Ukinunua, kumbuka kwamba Steam kwa kawaida hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujafikisha saa 2 za kucheza. Kupakua hakuhesabiwi, lakini gemu inayofungua kizinduzi chake, yaani programu ya kuiwashia, na kuanza kupakua masasisho humo inakula muda wako, na skrini ya mipangilio pia. Weka kipima muda dakika 90. Usiufanye utaratibu huo kuwa mazoea ya kila wiki, maana Valve, wenye Steam, wamesema wazi kwamba anayeutumia vibaya anaweza kuukosa.

Kwa muziki, Discover Weekly, orodha ambayo Spotify hukutengenezea, huleta nyimbo 30 kila Jumatatu na kuziondoa za wiki iliyopita. Usiipige kama mandhari ya kazi, kwa sababu kuuacha wimbo uishe bila kuusikia ni kuukubali. Isikilize ukiwa umekaa, ruka usiyoitaka mapema, na kwa kila unaoubakiza fungua albamu nzima. Wimbo mmoja uliochaguliwa na mashine ni ule uliokaa karibu zaidi na mazoea yako. Nyimbo za pembeni za albamu ileile ndizo zenye ugeni.

Weka pia wasifu wa pili wa kutanga. Uanze mtupu, uulishe vitu 10 hadi 15 kutoka pande ambazo hujawahi kuzigusa, ulivyopewa na watu unaoziamini ladha zao hata kama hazifanani na yako. Usiguse humo kitu chochote unachokijua. Baada ya wiki mbili hivi mapendekezo yake yataanza kutulia, na utakuwa na majirani wa mtaa mwingine kabisa. Ukipata cha kudumu, kihamishie kwenye wasifu mkuu kwa kukitafuta jina lake humo na kukisikiliza au kukicheza chote.

Fungua daftari lenye safu tatu: jina la mtengenezaji, njia aliyokufikia, na kama ulimrudia kwa hiari yako baada ya mwezi. Usihesabu ulivyobofya wala ulivyovionja. Kila baada ya miezi mitatu pitia safu ya tatu, tazama ni njia gani iliyoleta waliorudiwa, na uipe njia hiyo muda uliokuwa ukiutumia kwenye ukurasa wa mwanzo.